Disney World bila gari: kabla ya kuuliza chumba, uliza steji

Mwezi wa nane mwaka juzi simu yangu iliita saa kumi usiku. Kampala imelala, hata mbwa wa jirani wamechoka kubweka. Aliyepiga ni mteja wangu, Hajati mmoja wa Bombo, na kule Florida alikokuwa ilikuwa saa tatu usiku ya jana yake. Amesimama kwenye steji ya basi, mkononi ana boksi la keki. Mjukuu wake alikuwa anatimiza miaka saba.

"Mwanangu," akaniambia, "hapa nimesimama nusu saa. Linakuja la Epcot, linakuja la Magic Kingdom, linakuja la Disney Springs. La kwenda kwa wajukuu wangu liko wapi?"

Ilinibidi nimwambie ukweli. "Halipo, Hajati."

Kazi yangu ni kupanga safari za familia kutoka Uganda, na Orlando, mji ulio jirani na Disney World, naijua kwa miguu yangu mwenyewe. Lakini familia ile ilikuwa ya watu tisa, na hoteli niliyoitaka haikubakiwa na vyumba vya kuwatosha wote. Nikawagawa. Wazazi na watoto nikawaweka Pop Century, Hajati na mabinti zake nikawaweka Kidani Village. Zote mbili ni hoteli za Disney, zote mbili zina mabasi ya bure. Nikaona mambo yamekwisha. Kosa lilikuwa langu, tena la kizembe, kwa sababu kanuni hii niliijua: mabasi ya Disney hayaendi kutoka hoteli moja hadi nyingine.

Tuanze na ukubwa, maana hapo ndipo wengi hujikwaa. Mtu akisikia "Disney World" anawaza uwanja mmoja wenye geti moja. Eneo lile lililofunguliwa Oktoba 1971 lina takriban kilomita za mraba 100, yaani kama nusu ya jiji la Kampala. Ndani yake mna bustani nne za burudani: Magic Kingdom ya tangu mwanzo, Epcot ya 1982, Hollywood Studios ya 1989 na Animal Kingdom ya 1998. Ongeza bustani mbili za maji, mtaa wa maduka na mikahawa unaoitwa Disney Springs, na hoteli zaidi ya 20. Kati ya kitu na kitu kuna msitu, maziwa na barabara kuu. Kutembea kwa miguu kunawezekana sehemu chache tu, nitazitaja.

Mabasi yake yanafanya kazi kama teksi zetu (nasema teksi kwa maana ya Kampala, yaani matatu). Ukiwa Gayaza unataka kwenda Entebbe, lazima ushuke mjini, uvuke, utafute gari jingine. Kule, mjini ni zile bustani nne na Disney Springs. Kwa kawaida hoteli ina basi la kwenda huko na kurudi, isipokuwa pale penye usafiri mwingine. Kwa hiyo Hajati, kama angetaka kufika kwa mjukuu bila kulipa senti, angepanda basi la Hollywood Studios, ashuke, atembee mpaka kituo cha vibanda vya angani vinavyoning'inia kwenye waya, apande mpaka hoteli ya Caribbean Beach, abadilishe, ndipo afike Pop Century. Saa nzima, akibahatika. Na keki mkononi. Nikamwambia binti yake aite gari kwa simu, kama tunavyoita Uber hapa. Kule kuna Uber, kuna Lyft, na kuna magari ya Disney yenyewe yenye madoadoa mekundu na meupe yanayoitwa Minnie Van, ambayo huitwa kupitia programu ya Lyft na yanakuja na viti vya watoto. Hayo ya madoadoa bei yake ni ya juu, lakini usiku ule bei haikuwa hoja.

Tangu siku hiyo mteja akiniuliza "hoteli gani nzuri?" namrudishia swali: unataka kwenda bustani ipi zaidi, na unataka kwendaje?

Ukiwa na watoto wadogo ambao hawataki kitu kingine ila Magic Kingdom, angalia hoteli tatu zilizo kwenye njia ya monoreli, yaani treni ya reli moja iliyoinuliwa juu: Contemporary, Polynesian na Grand Floridian. Ni ghali, sitakuficha. Lakini hapo unalipia usafiri zaidi ya kitanda. Pale Contemporary treni inaingia ndani ya jengo la hoteli, inasimama ghorofani juu ya watu wanaokula, kisha inatokea upande wa pili. Watoto hawasahau hilo.

Sasa, hapo pana mtego. Treni ya hotelini inazunguka ziwa kwa mwelekeo mmoja tu. Ukipandia Contemporary kwenda Magic Kingdom, inakupeleka kwanza kituo kikuu, halafu Polynesian, halafu Grand Floridian, ndipo ufike. Na Magic Kingdom ile unaiona kwa dirisha! Toka nje kwa mguu, njia imetengenezwa vizuri, dakika 10 umefika kwenye geti. Wakati wa kurudi ndipo monoreli inakufaa, kwa sababu kutoka Magic Kingdom kituo kinachofuata ni Contemporary. Grand Floridian nayo ina njia ya miguu.

Hicho kituo kikuu jina lake ni Transportation and Ticket Center, na ishara nyingi zinaandika TTC. Likariri. Wanaokuja Magic Kingdom kwa gari lao huegesha hapo, siyo langoni. Bustani yenyewe iko ng'ambo ya ziwa. Wanavuka kwa monoreli au kwa kivuko. Reli za hapo ziko mbili sambamba: moja ya moja kwa moja hadi Magic Kingdom, nyingine ile ya hotelini. Ya tatu inakwenda Epcot. Mara yangu ya kwanza kuongoza kundi niliwapandisha watu 11 treni ya Epcot nikijigamba kwamba naijua njia. Mzee mmoja wa Jinja alinitazama safari nzima bila kusema neno. Afadhali angesema.

Mimi binafsi napenda kivuko. Kinabeba watu hadi 600, hakihitaji ukunje kigari cha mtoto, kiti cha magurudumu kinaingia bila shida, na ukikaa ghorofa ya juu unaiona kasri ikikua polepole mbele yako. Kuna wateja wangu wanaoogopa maji, na sisi tuliokulia karibu na Ziwa Victoria tunaelewa kwa nini. Kwao nasema: hii si safari ya kutoka Nakiwogo kwenda Kalangala ya saa tatu na nusu, ni dakika chache tu, hujamaliza hata soda. Tena ziwa lenyewe, Seven Seas Lagoon, lilichimbwa na watu. Kati yake na ziwa la jirani, Bay Lake, kuna mfereji, na barabara inapita chini ya mfereji huo. Ukiwa ndani ya basi mwambie mtoto atazame juu: boti inaweza kuwa inapita kichwani kwenu.

Wanaopenda Epcot na Hollywood Studios wana bahati kubwa kuliko wote, na hoteli zao si lazima ziwe za bei ya kutisha. Hapo ndipo palipo na Skyliner, vile vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, vilivyoanza kazi mwishoni mwa Septemba 2019. Kitovu chake ni hoteli ya Caribbean Beach. Mkono mmoja unakwenda Hollywood Studios, wa pili unapita hoteli ya Riviera hadi mlango wa nyuma wa Epcot, wa tatu unakwenda Pop Century na Art of Animation, ambazo zinachangia kituo kimoja. Kila kibanda kinachukua watu 10. Kinapofika kituoni hakisimami, kinapunguza mwendo tu, nawe unaingia kinatembea. Bibi mwenye magoti mabovu asiogope: kuna njia ya pembeni ambapo kibanda husimamishwa kabisa, kwa ajili ya wenye viti vya magurudumu na wengine wasioweza kuharakisha. Unamwambia mhudumu tu.

Lakini nisikilize, wewe unayesubiri likizo ya shule ya Agosti. Agosti Florida ni mwezi wa radi, hasa mchana baada ya saa nane. Radi ikikaribia, Skyliner inasimamishwa. Boti nazo zinasimama, kivuko nacho. Watu wote wanahamia kwenye mabasi kwa wakati mmoja, na foleni yake ni kama ya kwenda kijijini mkesha wa Krismasi. Jambo jingine, vibanda havina kiyoyozi. Vikiwa vinakwenda, upepo unaingia vizuri. Vikisimama angani juani, utajua uko Florida. Namshukuru Mungu keki ya Hajati haikupitia huko.

Kutoka mlango wa nyuma wa Epcot kuna boti ndogo zinazopita hoteli za BoardWalk, Yacht Club, Beach Club, Swan na Dolphin hadi Hollywood Studios. Sambamba na maji kuna njia ya miguu. Kwa mtu anayetembea kutoka Wandegeya hadi Makerere bila kulalamika, njia hiyo si kitu, na mara nyingi utamkuta yule aliyesubiri boti mnafika pamoja.

Animal Kingdom haina monoreli, haina boti, haina waya. Ni basi au gari, basi. Hapa ndipo Waswahili wenzangu wananipa kazi, kwa sababu karibu nayo kuna Animal Kingdom Lodge, na majina yake yote ni ya kwetu: Jambo House, Kidani Village, mikahawa ya Boma, Jiko na Sanaa, mbuga za Uzima, Arusha na Pembe ambapo twiga wanapita chini ya dirisha lako. Mtu akisoma hayo kwenye simu moyo unayeyuka, anataka hapohapo. Hajati naye alitaka hapo. Alipofika aliniandikia kwamba amelipa tiketi ya ndege kuja kutazama twiga ambao kwetu, hifadhini Murchison, wapo bure. (Bure si kweli, lakini nilimwelewa.) Hoteli ni nzuri mno. Ila iko pembeni kuliko nyingine nyingi, na kila utakakokwenda ni kwa basi.

Basi lenyewe halina kondakta. Hakuna anayeita, hakuna nauli, hakuna "songa nyuma kuna nafasi". Kichwani limeandikwa linakokwenda. Kwenye programu ya Disney ya simu utaona la hoteli yako linatarajiwa saa ngapi. Kigari cha mtoto lazima kikunjwe kabla ya kupanda, na hapo nimeona kina mama wakihangaika: mtoto amelala, mkoba umening'inia, chupa ya maziwa inaanguka, basi limefungua mlango, nyuma yako watu 40. Kina mama wa kwetu wana dawa. Mmoja alitoa leso mkobani, akainama, mtoto mgongoni, fundo kifuani, kigari akakikunja kwa mkono mmoja na mguu. Mzungu aliyekuwa nyuma yake akamwomba amfundishe.

Muda je? Mimi huhesabu dakika 90 kutoka mlango wa chumba hadi ndani ya bustani. Mara nyingi ni chini ya hapo, lakini ukiwa umeagiza meza ya chakula cha asubuhi, hesabu hizo 90. Wageni wa hoteli za Disney huruhusiwa kuingia bustani yoyote nusu saa kabla ya wengine kila siku, na nusu saa hiyo ukiipotezea steji umeitupa. Na mkipanga kukutana, andikeni saa kwa tarakimu za Kizungu. Mpwa wa familia ile aliyezaliwa Boston aliambiwa na shangazi yake "tuonane saa tatu mlangoni". Shangazi alikuwapo saa tatu asubuhi. Kijana alifika saa tisa mchana, ametabasamu, amewahi.

Usiku fataki za Magic Kingdom zikiisha, usikimbie. Watu wote wanatoka pamoja. Kaa kwenye ukingo wa njia, nunua aisikrimu, acha umati upungue. Kama lazima utoke, na unakwenda TTC, panga mstari wa kivuko hata ukiuona mrefu, maana kinameza watu wengi kwa mpigo mmoja.

Kuhusu uwanja wa ndege nisemee haraka, kwa sababu ushauri wa zamani bado unazunguka kwenye WhatsApp. Lilikuwepo basi la bure la Disney kutoka uwanja wa Orlando hadi hotelini. Liliondolewa Januari 2022. Sasa unalipia basi la kampuni binafsi au unaita gari. Kwa familia ya watu watano waliotoka Entebbe na kubadilisha ndege mara moja au mbili, wenye masanduku 10, mimi huagiza gari kubwa mapema wala sibishani.

Hajati anarudi mwaka huu Desemba. Nimewaweka wote tisa Caribbean Beach, vyumba vya jirani. Keki, amesema, atainunua palepale.