Aliyekosa nafasi ya mhusika mkuu hanuni hadi mwisho

Wengi hudhani kikundi cha mtaani kikiandaa mchezo wa kuigiza wenye nyimbo, waliokosa nafasi kubwa huvizia makosa ya wenzao. Wivu upo, hasa majina yanapotangazwa, ila kazi yenyewe haiupi muda wa kukomaa. Mwimbaji wa sauti ya pili akipotea, wa pembeni yake humsogelea na kumwimbia karibu na sikio mpaka airudie. Nyuma ya jukwaa, gizani, mhusika mkuu anabadili gauni mbio mbio. Anayemfunga zipu huenda ni yuleyule aliyeshindania naye nafasi. Tena kwa kawaida hawalipwi, basi wagombanie posho gani? Urafiki wa kudumu ni jambo jingine: wengine hawatafutani tena hadi mazoezi ya mchezo ujao.