Gari lako limejaa maandishi, lisome

Fungua mlango wa dereva wa gari lolote lililotoka Japani, kisha inama uangalie kwenye nguzo pale mlango unapofungia. Mara nyingi utakuta stika mbili. Moja ni ya kiwandani, inahusu upepo wa matairi. Nyingine imebandikwa na fundi wa kule baada ya kubadilisha oili, ina tarehe na kilomita zilizoandikwa kwa kalamu. Wateja wangu wengi huibandua hii ya pili wakiosha gari, wakidhani ni uchafu. Mimi nikiikuta bado ipo hufurahi, kama daktari aliyeletewa mgonjwa pamoja na cheti chake.

Mimi ni fundi wa magari Dar es Salaam, na magari ninayoshika karibu yote ni ya familia: Noah, Raum, IST, Premio, Vitz. Naandika hapa kwa sababu mambo mengi yanayowaumiza watu barabarani yameandikwa kwenye gari lenyewe, na hakuna anayeyasoma.

Tuanze na hiyo stika ya oili. Mwaka wake unaweza kukuchanganya, maana Wajapani huhesabu kwa enzi za wafalme wao. Ukiona 27, huo ni mwaka wa 27 wa enzi ya Heisei: ongeza 1988, unapata 2015. Enzi ya Reiwa ilianza Mei 2019, kwa hiyo mwaka wa 3 wa Reiwa ni 2021, unaongeza 2018. Sasa linganisha kilomita. Kama stika ya mwaka 2018 inasema gari lilishatembea kilomita 142,000, na leo dashibodi inakuonyesha 78,000, umeshapata jibu kabla hujatoa hela. Nimewaokoa watu wawili hivyo, wote walikuwa wameshaanza kujadiliana bei.

Stika zile zina asili yake. Japani gari dogo jipya hukaguliwa kisheria baada ya miaka 3, halafu kila baada ya miaka 2, ukaguzi wanaouita shaken. Mwenye gari akilipeleka, mafundi humaliza na mambo mengine hapohapo, mafuta ya breki yakiwemo. Ndiyo maana magari yao yanatufikia yakiwa imara. Tunasema Toyota haifi, lakini uimara ule ulitunzwa na mtu, na siku gari linaposhuka melini, utunzaji huo mara nyingi unakoma.

Matairi. Dada mmoja mteja wangu alipasukiwa tairi la nyuma kabla ya kufika Chalinze, Noah imejaa watoto na mizigo. Mungu alisaidia, alikuwa mwendo wa wastani, akashika usukani bila kukanyaga breki kwa nguvu, gari likasimama pembeni. Alipolileta kwangu akaniambia, "Fundi, lakini lile tairi lilikuwa na kashata nzuri kabisa." Kweli, kashata, yale maumbo ya uso wa tairi, ilikuwepo. Nikamwonyesha ubavuni: kuna herufi DOT, na mwisho wa mstari ule tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Lake lilisoma 1109. Maana yake wiki ya 11 ya mwaka 2009. Alilinunua mtumba, likiwa limepakwa dawa linang'aa.

Mpira huzeeka hata ukikaa stoo. Kampuni za matairi, Michelin ikiwemo, husema tairi lisivuke miaka 10 hata kama uso wake unaonekana mzima. Kwa joto la Pwani na gari linalobeba watoto, mimi huanza kumsumbua mteja likifika miaka 6. Na ukiona ubavuni pameandikwa STUDLESS, au pana alama ya chembe ya theluji ndani ya mlima, hilo kwa kawaida ni tairi la baridi. Magari mengi kutoka kaskazini mwa Japani huja nayo. Mpira wake ni laini ili ushike barafu. Kwenye lami ya Morogoro saa saba mchana unapata moto na kulika haraka, na kwenye lami yenye maji haushiki kama tairi la kawaida. Watu huyapenda kwa sababu ya kashata nene. Usiyapeleke safari.

Kuhusu kujaza, yule dada alikuwa ameongezewa upepo hadi PSI 45, kipimo cha geji zetu, "kwa sababu ya safari." Mjaza upepo hana kosa kubwa, hakuna aliyemwambia vingine. Stika ya mlangoni imeandika kwa kipimo kingine, kPa: kwenye Noah yake ilikuwa 230. Gawanya kwa 7, unapata karibu PSI 33, ndiyo namba ya kumtajia mwenye geji. Pima asubuhi gari likiwa limelala, maana tairi lililotembea limepata joto na geji itakudanganya. Upepo ukizidi, tairi linagusa barabara kwa katikati tu. Ukipungua ni hatari zaidi: ubavu unakunjika na kukunjuka kila mzunguko, unapika mpira kutoka ndani, na siku ukipasuka utasema barabara ilikuwa na msumari.

Sasa breki, na hapa naomba unisome polepole.

Miaka ya nyuma nilikuwa narudi Dar kutoka Iringa na gari la ndugu yangu, tumebeba viazi na vitunguu, watu saba. Kuteremka mlima Kitonga kuna malori mbele yanatambaa, wewe nyuma yao umeweka mguu kwenye breki, unaachia kidogo, unakanyaga tena. Karibu na chini nikasikia harufu kama ya kitambaa kilichoungua kwa pasi. Nikakanyaga, pedali ikazama. Haikuwa ngumu, ilikwenda tu chini kama nimekanyaga sponji. Nilivuta gia hadi L, injini ikalia kwa sauti kubwa, gari likapungua, nikaingia pembeni. Mama yangu alikuwa siti ya kati, hakusema neno.

Tulikaa nusu saa. Nikakanyaga tena: pedali iko juu, ngumu, breki nzima kabisa. Hapo ndipo madereva wengi wanapotoka wakisema zilikuwa zimechoka, sasa zimepumzika. Kilichotokea ni hiki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani kidogokidogo, mwaka hadi mwaka. Kwenye kifuniko cha kikopo chake pameandikwa DOT 3 au DOT 4. DOT 3 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji, kiwango chake kinashuka hadi 140. Mteremko mrefu na mzigo mzito hufikisha joto hilo. Yakichemka, yanatoa mvuke ndani ya mabomba, na mvuke unabonyea. Nguvu ya mguu wako inaishia kubonyeza mvuke badala ya kusukuma pedi. Ikipoa, mvuke unarudi kuwa majimaji na breki "zinapona," huku maji bado yamo ndani yakikusubiri mteremko unaofuata.

Nilipofungua kile kikopo, mafuta yalikuwa na rangi ya kahawa. Mapya yanafanana na mafuta ya kula yaliyo meupe. Kuyabadilisha yote, magurudumu manne, ni kazi ya saa moja na gharama yake ni ndogo kuliko tairi moja. Badilisha kila miaka 2. Kama hujui yalibadilishwa lini, badilisha wiki hii.

Na kwenye mteremko, tumia gia. Gari otomatiki lina maandishi chini ya D: 3, 2, L, au S, au B. Hayakuwekwa kwa ajili ya kuvuta tope tu. Kabla ya kuanza kuteremka, siyo katikati, shusha gia, uache injini ilishike gari, halafu breki ukanyage kwa vipindi vifupi. Injini ikilia mizunguko 3,500 hivi usiogope, haiharibiki.

Ukifungua boneti, angalia kijiti cha kupimia oili ya giaboksi kama gari lako linacho. Kwenye Toyota nyingi kimechorwa aina ya oili, kwa mfano T-IV. Giaboksi ya CVT, ile otomatiki isiyo na gia za hatua, ina oili yake tofauti kabisa, na mtu akikuwekea ATF, oili ya otomatiki ya kawaida, ameshakuuzia giaboksi nyingine bila wewe kujua.

Rejeta nitaisema kwa ufupi, ingawa inanikera. Kulanti, kile kimiminika cha rangi cha kupozea injini, siyo ya nchi za baridi tu. Inazuia kutu, inatunza pampu ya maji, na pamoja na shinikizo la kile kifuniko inazuia maji yasichemke mapema. Maji ya kisima ya Dar, mengi yana chumvi, yanakula aluminiamu ya injini. Kisha kuna tabia ya mafundi wenzangu ya kung'oa themostati gari likichemsha. Themostati hufunguka karibu nyuzi 82 ili injini ifanye kazi ikiwa na joto lake. Ukiitoa, kompyuta inadhani injini bado ni baridi, inaongeza petroli, na ugonjwa halisi, labda feni au rejeta iliyoziba, unabaki palepale. Vitz na Passo nyingi hazina mshale wa joto, zina taa tu: ya bluu ni injini bado baridi, nyekundu ni simama sasa hivi uzime. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto. Picha ya mkono na mvuke iliyochorwa juu yake inasema hivyo bila lugha yoyote.

La mwisho ni taa ya SRS, ya mito ya hewa. Washa swichi bila kuwasha injini. Taa hiyo inatakiwa iwake, ikae sekunde chache, izime. Ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu na mto huenda usifunguke. Isipowaka kabisa, shuku zaidi: mtu anaweza kuwa ameiua taa ili gari liuzike. Nimefungua dashibodi nikakuta balbu imetolewa, na kwenye usukani hakuna mto, kifuniko tu.

Mito yenyewe nayo ina historia. Mingi iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ilirudishwa duniani kote kwa makumi ya mamilioni, kwa sababu kemikali yake, amoniamu naitreti, huharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevu, na mto unaweza kulipuka ukarusha vipande vya chuma. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa yetu. Kampuni za magari zina kurasa za Kijapani ambapo unaingiza namba ya chasisi na kuona kama gari lako limeitwa lirudishwe kubadilishiwa mto. Fanya hivyo, au mpe namba hiyo wakala wa kampuni.

Mtoto mdogo asikae mbele, na kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mto wa hewa. Mto unafunguka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kwa nguvu iliyopimwa kwa mtu mzima aliyefunga mkanda. Na watoto wanaosimama katikati ya siti mbili kumsalimia baba, wafungwe mkanda nyuma kabla gari halijaondoka getini.

Yule dada wa Noah amerudi juzi, wanaenda Iringa likizo. Tumebandika stika yetu chini ya ile ya Kijapani, kwa kalamu nyeusi: oili ya injini, mafuta ya breki, tarehe na kilomita. Chini yake mwanawe wa darasa la tano ameandika mwenyewe: upepo 33, asubuhi.