Waziri wa Waaborijini si chifu wao, na hana habari na shimo la mwembe wako

Kuna voisi inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya Waswahili wa hapa Perth, Australia Magharibi, jamaa anasema ukichimba shimo la mti uani kwako bila kumwomba ruhusa Waziri wa Masuala ya Waaborijini, yaani wenyeji wa asili wa nchi hii, unafungwa, na eti plot zetu zitachukuliwa warudishiwe wenyewe. Simu zimekuwa nyingi mpaka nimeombwa niandike. Haya ni maelezo ya jumla tu, si ushauri wa kisheria, mwenye kesi amwone wakili.

Hiyo voisi ni kiporo. Jimbo la Australia Magharibi lilipitisha sheria mpya ya urithi wa Waaborijini 2021, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2023, wakulima wakapiga kelele sana, na tarehe 8 Agosti mwaka huohuo mkuu wa serikali ya jimbo, Roger Cook, akatangaza inafutwa. Kuanzia Novemba 2023 tumerudi kwenye sheria ya 1972 iliyofanyiwa marekebisho. Na hata hiyo iliyofutwa ilikuwa imesamehe viwanja vya nyumba visivyofika mita za mraba 1,100! Kwa hiyo mwembe wako ulikuwa salama hata wakati ule.

Sasa huyu waziri. Huyu ni wa jimbo, watu wanamchanganya na yule wa serikali ya shirikisho kule Canberra. Kura ya maoni ya 1967 iliipa serikali ya shirikisho uwezo wa kutunga sheria za Waaborijini, ila ardhi na madini kwa sehemu kubwa yakabaki mikononi mwa majimbo, ndio maana waziri wa jimbo ana kalamu nzito kuliko watu wanavyodhani. Lakini yeye ni mbunge aliyepewa wizara, basi, si mzee wa kabila wala msemaji wao. Wapo waliokuwa Waaborijini wenyewe, kama Ben Wyatt, ambaye wakati huohuo alishika na hazina ya jimbo, na wapo ambao si Waaborijini. Na hagawi haki ya asili ya ardhi (native title), hilo nimelijibu mpaka nimechoka, hilo linakwenda kwa sheria ya shirikisho ya 1993 iliyokuja baada ya kesi ya Mabo ya 1992 iliyoitambua haki hiyo, na penye hatimiliki kamili ya mtu binafsi haki hiyo ilishazimwa. Nyumba yako haiguswi.

Kazi yake kubwa iko kwenye kifungu cha 18 cha ile sheria ya 1972. Mwenye ardhi, na hapa mwenye leseni ya kuchimba madini naye anahesabiwa ni mwenye ardhi, akitaka kufanya kazi itakayoharibu mahali pa urithi anapeleka notisi kwa kamati ya urithi wa Waaborijini, ambayo wenyeviti wake ni wawili, mwanamume na mwanamke, wote Waaborijini, kamati inapima umuhimu wa mahali hapo halafu inampelekea waziri mapendekezo, na waziri anaamua kwa kuangalia maslahi ya jumla ya jamii. Soma tena hayo maneno, maslahi ya jumla ya jamii. Kamati inaweza kusema hapana na waziri akasema ndiyo. Mimi si mahali pangu kusema kama ni sawa, ila mtu aliyekulia kwenye ardhi ya mababu isiyo na karatasi hahitaji kuelezwa wenyewe wanajisikiaje.

Juukan Gorge, korongo lenye mapango ya kale kule Pilbara, kaskazini mwa jimbo, ndiyo mfano wa wote. Ruhusa ilitolewa 2013 kwa kampuni ya madini ya Rio Tinto. Mwaka uliofuata wataalamu wakachimbua humo mapangoni wakakuta maelfu ya vitu, kukiwemo mshipi wa nywele zilizosukwa wa miaka kama 4,000, na vipimo vya DNA vikaonyesha ni wa mababu wa Waaborijini hawahawa wa Puutu Kunti Kurrama na Pinikura walio hai leo. Watu walianza kutumia pango lile miaka 46,000 iliyopita. Lakini sheria haikuwa na mlango wa kuirudia ile ruhusa, ikishasainiwa imesainiwa, na tarehe 24 Mei 2020 baruti ikalipuliwa. Waziri siku hiyo alikuwa Wyatt, Muaborijini, na saini ilikuwa ya serikali iliyomtangulia.

Ndiyo maana marekebisho ya 2023 yanamlazimisha mwenye ruhusa kumtaarifu waziri zikipatikana taarifa mpya, na waziri anaweza kuibadilisha au kuifuta. Pia wenye haki ya asili sasa wanaweza kupinga uamuzi kwenye baraza la rufaa la jimbo, zamani mlango huo alikuwa nao mwenye ardhi peke yake.

Adhabu, maana mnaziuliza kila siku. Kuharibu mahali pa urithi bila ruhusa, mtu binafsi kosa la kwanza ni faini mpaka dola 20,000 na kifungo mpaka miezi 9, akirudia dola 40,000 na miaka 2. Kampuni 50,000, ikirudia 100,000. Na kosa likiendelea kuna faini ya kila siku juu yake. Halafu msiniambie "haipo kwenye rejista", mahali panalindwa hata kama hapajasajiliwa. Kujitetea kupo, uthibitishe hukujua na wala usingetarajiwa kujua, na mzigo wa kuthibitisha ni wako wewe si wa mwendesha mashtaka.

Mnaoendesha kwenda Uluru kwa barabara ya Great Central, mnapita kwenye ardhi iliyotengwa kwa Waaborijini, ulizieni kibali cha kupita kabla ya kutoka, na upande wa jimbo jirani la Northern Territory una kibali chake.

Na nyie wa migodini na wa ujenzi, ukikuta mifupa au mawe yaliyochongwa simamisha mashine, usiokote, usipige selfi, ripoti kwa msajili wa maeneo ya urithi au polisi, na kama ni mifupa ya mtu polisi ndio wa kwanza. Kuripoti ni wajibu wa kila mtu kwa kifungu cha 15 cha sheria hiyohiyo ya 1972, hata ambaye ana wiki moja tu nchini, na supavaiza kukwambia "fukia tuendelee" hakukutoi kwenye kosa.