Eti dunia itachomwa, sasa miti ya nini?

Huku Dodoma nimeisikia hii tangu shule ya Jumapili: dunia itateketea, sisi tunaenda mbinguni, kwa hiyo kuhangaika na mazingira ni kupoteza muda. Watu wanaitoa 2 Petro 3:10, na kweli Biblia yetu ya Union inasema kazi za duniani zitateketea, ila nakala za Kigiriki za zamani zaidi pale zina neno la "kupatikana", yaani kufichuliwa wazi kama dhahabu iliyopita motoni. Halafu panda juu kidogo mstari wa 6, imeandikwa dunia ya wakati wa Nuhu iliangamia kwa maji, na ardhi mbona bado ipo tunalimia uwele na mtama?

Warumi 8:21 ndo inanimaliza kabisa, viumbe vyenyewe vitawekwa huru, sasa utaweka huru kitu unachokitupa? Na Ufunuo 21 mji mtakatifu unashuka kuja huku, sio sisi tunapaa tu.

Ukitaka kuelewa uzima mpya nenda shamba lenye kisiki hai, ule mti uliokatwa zamani mizizi bado iko hai chini, mkulima anachagua machipukizi machache yenye nguvu, mengine anapunguza, mbuzi wasiguse (hapo ndo kuna kazi!), baada ya misimu michache una kivuli. Ayubu 14:7 aliliona hilo zamani, mti ukikatwa lipo tumaini utachipuka.