Huo uhuru unaoutoa ni wa nani?

Nimeambiwa tena wiki hii. "Wakili, nyie watu wa haki za binadamu mnachelewesha mambo, sisi wengine tuko tayari kutoa uhuru wetu kidogo ili tulale salama." Anayesema hivi huwa ana nia njema kabisa, na kila akisema watu wanatikisa vichwa kukubali, na mimi najikuta naanza upya kueleza kitu kile kile, kwa hiyo leo naandika, ili kesho nikiulizwa nimtumie mtu linki tu.

Ndugu yangu, mara nyingi hautoi wa kwako. Watu wanachora mzani, uhuru sahani hii, usalama sahani ile, ukipunguza huku kule kunaongezeka, kama vile vyote viwili ni vya mtu mmoja anayejiamulia achukue kiasi gani. Ukisoma sheria za dharura zilivyofanya kazi kweli, aliyenyang'anywa na aliyetulizwa moyo ni watu wawili tofauti. Wengi wananunua utulivu wao kwa pesa ya mfukoni mwa jirani, tena jirani ambaye hakuna aliyemuuliza.

Chukua Marekani. Desemba 1941 Japani inashambulia Pearl Harbor, Hawaii. Februari 1942 Rais Roosevelt anasaini amri namba 9066 na watu kama 120,000 wenye asili ya Kijapani, waliokuwa wakiishi pwani ya magharibi, wanatolewa majumbani wanapelekwa kambini, na karibu theluthi mbili yao ni raia wa Marekani. Sababu iliyotajwa ni usalama. Sasa hapa ndo nataka mtulie, manake watu wanapita haraka: Hawaii, yaani pale pale palipopigwa mabomu, ambapo zaidi ya theluthi moja ya wakazi walikuwa na asili hiyo hiyo, hakukuwa na uhamishaji wa jumla, walishikwa wachache tu. Kwa nini? Kwa sababu ukiwatoa wote Hawaii uchumi unasimama, mashamba yanasimama, bandari inasimama. Kule pwani walikuwa wachache, wakawa rahisi kuondolewa, na kulikuwa na watu waliokuwa wakiyatamani mashamba yao tangu zamani. Kama hatari ndo iliyokuwa inaamua, mambo yangekuwa kinyume. Kilichoamua ni nani anaweza kuondolewa bila wengi kuumia.

Mahakama Kuu ya Marekani ikabariki mwaka 1944, kesi ya Korematsu, Mmarekani wa asili ya Kijapani aliyekataa kuondoka, majaji sita kwa watatu. Tume iliyoundwa na Bunge lao ikaja kusema mwaka 1983 kwamba hakukuwa na ulazima wa kijeshi, kilichokuwepo ni ubaguzi, kiherehere cha vita na viongozi kushindwa kazi yao. Mwaka 1988 wakaomba radhi rasmi na kulipa dola 20,000 kwa kila aliyekuwa bado hai. Ni zaidi ya miaka 40 baadaye, hesabu mwenyewe wangapi walishazikwa.

Kwa hiyo mtu akiniambia tutoe uhuru kidogo, swali langu ni moja: nani anatoa na nani anapokea? Kama sheria inagusa kila mtu kwa usawa, mimi na wewe na waziri na mtoto wa waziri, hapo tuna mazungumzo ya kweli, manake wanaoipitisha wataionja wenyewe. Ukaguzi wa mizigo uwanja wa ndege unamgusa kila msafiri, ndo maana ukizidi kuwa wa kijinga kelele zinapigwa na unarekebishwa. Sheria inayomgusa mtu asiye na kura haina wa kupiga kelele.

Hili la "kama huna cha kuficha unaogopa nini" nalipitia haraka tu kwa sababu limeshajibiwa sana. Uholanzi kabla ya Vita ya Pili ya Dunia walikuwa na rejista safi kabisa ya wakazi, na dini ya mtu imeandikwa humo kwa shughuli za kawaida za serikali, hakuna aliyekuwa anaficha. Mwaka 1940 Wajerumani wakaingia wakaikuta, wakaitumia kuwatafuta Wayahudi. Machi 1943 watu waliokuwa wakiwapinga Wajerumani kwa siri waliivamia ofisi ya usajili Amsterdam wakaichoma, ila hawakuweza kuiteketeza yote, na karibu robo tatu ya Wayahudi wa nchi ile waliuawa. Swali la cha kuficha linamhusu atakayeshika faili kesho. Wewe wa leo unaweza kuwa huna neno.

Na wenzangu wa upande wa uhuru msicheke bado. Mmezoea kunitumia ile kauli ya Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa Marekani, kwamba anayetoa uhuru wa msingi ili apate usalama wa muda hastahili hata kimoja. Aliiandika mwaka 1755 kwenye mvutano wa bunge la koloni la Pennsylvania na familia ya Penn, wamiliki wa koloni hilo, iliyokuwa haitaki ardhi zake zitozwe kodi ya kugharamia ulinzi wa mpaka. Alikuwa anatetea haki ya bunge kutoza kodi ili watu walindwe! Mnamtumia kama mtu aliyekuwa anaipinga serikali kulinda watu, acheni.

Turudi kazini. Sisi mahakamani hatutumii mzani, au niseme hatuanzi nao. Tuna kipimo cha uwiano na kinakwenda kwa hatua: lengo ni halali? Njia uliyochagua inafikisha kwenye hilo lengo? Hakuna njia nyepesi zaidi inayofika pale pale? Ukishapita zote tatu ndo tunauliza kama madhara yanazidi faida. Watu wanakimbilia hatua ya nne wakati sheria nyingi mbaya zinakufa ya pili na ya tatu, hazifiki hata kwenye kupima.

Mfano ninaoupenda ni kesi ya Belmarsh, jina la gereza la London walikowekwa watu hao. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 kule Marekani, Uingereza ilipitisha sheria ya kumweka ndani bila kesi na bila kikomo mgeni anayeshukiwa ugaidi ambaye hawezi kurudishwa kwao kwa sababu atateswa. Raia wa Uingereza anayeshukiwa vile vile, hawezi kuwekwa. Na huyo mgeni aliyewekwa, muda wowote akipata nchi ya kumpokea, mlango uko wazi aende zake, na wawili waliondoka kweli, mmoja akaenda Ufaransa. Sasa pima kwa hatua. Lengo ni kuzuia ugaidi, halali kabisa, hakuna anayebisha. Njia inafikisha? Kama huyu ni hatari kiasi cha kufungwa bila kesi, unamwachiaje avuke maji tu hapo aendelee na mipango yake? Na yule raia aliye na hatari hiyo hiyo anatembea mtaani kwa nini? Jaji Bingham aliuliza maswali ya namna hii na hayakuwa na jibu, na Desemba 2004 majaji wanane kati ya tisa wakaamua dhidi ya serikali, na wengi wao wakasema sheria ile haikuwa na uwiano na ni ya kibaguzi. Hawakuhitaji kupima uhuru dhidi ya usalama hata kidogo, sheria yenyewe ilikuwa hailindi ilichodai kulinda. Julai 2005 London ikalipuliwa, watu 52 wakauawa, na watatu kati ya wale wanne waliojilipua walikuwa wamezaliwa Uingereza. Ile sheria ya wageni isingewagusa.

Ila nitawaambia na ambalo vitabu vinalipita kimya kimya. Serikali iliposhindwa Belmarsh ilileta sheria mpya mwaka 2005 ya amri za udhibiti, mtu anafungiwa nyumbani masaa kadhaa, anachaguliwa wa kuonana naye, na safari hii kwa wageni na raia wote sawa. Tulidai usawa tukapewa usawa wa kubanwa. Je, hoja yangu ya "nani anatoa" inatosha basi? Haitoshi. Usawa unakata sheria za hovyo nyingi lakini mzigo mbaya ukigawanywa sawa unabaki mzigo mbaya, na hapo huna ujanja, inabidi ufike ile hatua ya nne. Na ile hatua ya nne, tusidanganyane, ni busara ya jaji aliyekaa pale siku ile. Tunaivalisha majoho na aya ndefu lakini majaji wawili waaminifu, wenye ushahidi ule ule, wanaweza kutoka na majibu tofauti na sina namna ya kukuonyesha aliyekosea.

Na ushahidi wa siri ndo unaninyima raha zaidi. Kuna utaratibu ambapo mtuhumiwa anapewa wakili maalum aliyepekuliwa na serikali, huyo anauona ushahidi wa siri, lakini akishauona haruhusiwi tena kuongea na anayemtetea bila ruhusa. Unamteteaje mtu ambaye huwezi kumuuliza "siku ile ulikuwa wapi"? Kwangu huo sio utetezi. Lakini upande wa pili, ukiutoa ushahidi hadharani na chanzo chake ni binadamu aliyejipenyeza kwenye kundi, unaweza kuwa umemuua. Nimelizungusha hili kichwani miaka mingi na jibu la kuniridhisha sina.

Haya, maadili. Hapa napo kuna imani inanichosha: kwamba sheria isipokataza kitu, imekibariki. Mtu anasema "mkiondoa adhabu kwa jambo hili mnawaambia watoto ni sawa". Jamani, usaliti wa ndoa, uongo kwa rafiki, kumtelekeza mzazi mzee bila hata salamu, nchi nyingi hazimfungi mtu kwa hayo na hakuna mtoto aliyefundishwa kwamba ni mema. Kati ya jela na baraka kuna nafasi kubwa sana, na ndimo wanamoishi mama yako, msikiti wako, kanisa lako, aibu, dhamiri. Anayeitaka dola iingie humo kufanya kazi ya hao wote, mimi nadhani ndiye aliyekata tamaa na maadili, manake haamini tena kwamba yanaweza kusimama bila askari.

Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill aliweka mpaka mwaka 1859: dola imzuie mtu kwa nguvu pale tu anapodhuru wengine. Uingereza mwaka 1957 kamati ya serikali iliyoongozwa na Wolfenden ikaukaribia sana mpaka huo, ikapendekeza mahusiano ya faragha ya wanaume watu wazima waliokubaliana yasiwe jinai, na jaji mmoja, Devlin, akapinga akisema jamii inashikiliwa na maadili ya pamoja na ina haki ya kuyalinda kama inavyojilinda na uhaini. Profesa Hart, mwanafalsafa wa sheria, akamjibu: una ushahidi gani kwamba jamii inavunjika maadili yakibadilika? Sheria ikabadilishwa mwaka 1967 kwa England na Wales na jamii haikuvunjika. Mimi niko na Hart. Lakini Devlin alikuwa na sehemu ya ukweli na wenzangu hawapendi kuisema: sheria imejaa maadili kuanzia ukurasa wa kwanza. Kwa nini mateso yamekatazwa hata kama yangeleta taarifa? Hapo hatukupiga hesabu yoyote, tumesema tu kwamba binadamu hafanyiwi hivyo.

Na neno "madhara" lenyewe linavuja. Mtu anayecheza kamari mshahara wote anajidhuru mwenyewe, mpaka ukumbuke watoto. Mill angesema muadhibu kwa kuacha kulea, sio kwa kucheza kamari. Sawa, ila ukisubiri mpaka watoto walale njaa umechelewa, na ukizuia mapema umerudi kwenye kusimamia maisha ya watu. Marekani walijaribu kuzuia pombe kabisa kuanzia 1920, kwa nia njema na kwa uchungu wa kweli wa familia zilizoumizwa, wakajaza magenge mitaani, wakaifuta mwaka 1933.

Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa wa 1966 unakubali baadhi ya haki zibanwe kwa ajili ya maadili ya umma, kwa hiyo anayesema maadili hayana nafasi kwenye sheria hajausoma. Ila kamati inayousimamia ilieleza mwaka 1993, kuhusu uhuru wa dhamiri na dini, kwamba maadili hayo yasichotwe kwenye mila au imani moja peke yake. Ni swali lile lile la nani anatoa: maadili ya walio wengi, uhuru wa walio wachache. Na mkataba huo huo unasema hata nchi ikiwa kwenye hali ya hatari, uhuru wa dhamiri hausimamishwi, umewekwa pamoja na marufuku ya mateso na utumwa. Wanaotaka dola isimamie maadili wafikirie hilo vizuri, siku serikali itakuwa ya imani nyingine hicho kifungu ndo kitawalinda.

Naulizwa basi nifanyeje mimi nisiye mwanasheria. Ukiletewa sheria ya dharura tafuta inaisha lini. Afrika Kusini ya makaburu walianza mwaka 1963 na kumweka mtu ndani siku 90 bila kesi, 1965 ikawa 180, 1967 ikawa bila kikomo, ndani ya miaka minne tu. Na tarehe nayo sio dawa kamili. Marekani ile sheria ya 2001 baada ya Septemba 11 ilikuwa na vifungu vya kuisha 2005, vikaongezwa tena na tena, kimojawapo kikatumika kukusanya rekodi za simu za mamilioni ya watu, na bodi yao ya usimamizi wa faragha ikasema mwaka 2014 haijaona hata uchunguzi mmoja wa ugaidi ambapo mpango huo ulibadilisha matokeo kwa maana halisi. Ukusanyaji ule wa jumla ulizuiwa 2015, kifungu chenyewe kikaisha muda 2020. Naendelea kudai tarehe nikijua kabisa itasogezwa, kwa sababu kuisogeza kunahitaji mtu asimame bungeni aseme kwa nini, na bila tarehe hata hilo halifanyiki.