Wembe kuukuu: wanayosema watu na ninayoyaona kwenye jiwe

Kila nikitoka Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, na wembe wa kukunja mfukoni, hakosi mtu wa kunipa ushauri. Mama mwenye kibanda, aliyenitolea wembe huo kwenye boksi la mikasi na vijiko, anasema nimpe mnoaji wa baiskeli. Fundi viatu anasema ukanda wa ngozi unatosha. Kinyozi wangu anasema niutupe, kutu yake italeta pepopunda. Wote wananitakia mema, nami sitaki kumdharau mtu. Lakini nyembe hizi zinaharibiwa na ushauri huo huo, na zikishaharibika hazitengenezwi tena. Nyingi ninazozipata zimechongwa Sheffield au Solingen karibu na mpini, yaani mji wa Uingereza na mji wa Ujerumani vilivyokuwa vikisifika kwa nyembe hata kabla Gillette hajaanza kuuza wembe wake wa kubadilisha mwaka 1903.

Nianze na mnoaji wa baiskeli, maana hapo ndipo nyembe nyingi hufia. Yule bwana ni fundi kweli. Anasimamisha baiskeli kwenye stendi, anakanyaga pedali, jiwe la mviringo linazunguka, na kisu cha bucha kinarudi kikiwa hatari. Sasa, kisu cha jikoni hunolewa kwa pembe ya nyuzi 30 au 40, ukijumlisha pande zote mbili. Wembe unataka kama 16 au 17. Isitoshe, bapa la wembe limechimbwa huku na huku hadi likabaki jembamba sana nyuma ya makali, halina mwili wa kuhimili moto wa gurudumu. Chuma hiki huanza kulegea kikipita nyuzi joto 200 hivi. Kikikaribia 300 kinageuka samawati, na kwa jiwe huwezi kukirudishia ugumu wake. Ninao wembe mmoja wa Solingen wenye doa la samawati kwenye ncha, upana wake kama ukucha wa kidole kidogo. Nikiunoa, sehemu hiyo inashika makali kama kwingine, lakini kabla sijamaliza shavu la pili imeshalala.

Tena hakuna haja ya gurudumu, kwa sababu pembe ya wembe imo ndani ya wembe wenyewe. Ule mgongo mnene umewekwa uwe kipimo. Laza wembe juu ya jiwe, mgongo na makali viguse kwa pamoja, usukume makali yakitangulia. Ukifika mwisho, geuza kwa kuuviringisha juu ya mgongo, urudi. Usiinue chochote. Ukiinua mgongo hata kwa unene wa sarafu, umeshaanza kutengeneza kisu.

Halafu kuna hili: "Ukinyoa nywele za mkono, uko tayari." Kutangulia si kufika. Jiwe la namba 1000 (namba ikipanda, jiwe ni laini zaidi) linatosha kabisa kuufanya wembe unyoe nywele za mkono. Peleka makali hayo kwenye kidevu uone yatakavyovuta, na shingo itawaka hadi jioni. Wengi wakivutwa hivyo hudhani wamekosa jiwe laini, wanaagiza la 12000 kwa pesa nyingi, na wembe unaendelea kuvuta vile vile. Nimeletewa nyembe za namna hiyo mara nyingi, na karibu kila mara kosa lilikuwa kwenye jiwe la kwanza.

Jiwe la 1000 lina kazi moja, kuzikutanisha pande mbili za chuma kwenye mstari mmoja, kutoka kisigino cha wembe hadi ncha yake. Zisipokutana, mawe yanayofuata yatang'arisha tu pande ambazo hazijawahi kugusana. Utajuaje zimekutana? Paka wino wa kalamu nene ukingoni pande zote mbili, kisha pitisha wembe kwenye jiwe mara tano. Palipobaki wino, jiwe halijafika. Baada ya hapo simama chini ya taa, elekeza makali juu kama unayatazama uso kwa uso. Makali yaliyokutana hayaonekani, ni mstari mweusi tu. Ukiona kinukta kimoja kinameta, hapo makali bado ni butu, au pana pengo. Mimi huazima lenzi ya fundi saa, ile anayoibana jichoni, na nukta ndogo sana inajitokeza kama kioo juani. Jioni mbili nzima niliwahi kuzitumia kwenye jiwe la 1000 kwa wembe mmoja wa Sheffield, na nilivyopanda 4000 kisha 8000 sikumaliza hata nusu saa. Huko juu hakuna nguvu tena. Maji kidogo, na uzito wa wembe wenyewe.

Jiwe nalo lazima liwe tambarare. Jiwe la jikoni lenye bonde katikati haligusi wembe sawasawa, hata likiwa la bei gani. Chora miraba ya penseli juu yake, weka msasa wa maji juu ya kipande cha kioo cha dirisha, sugua mpaka mistari yote ifutike. Msasa huo utaupata Grogan, kwa wauzaji rangi za magari. Sakafu ya saruji na kitako cha kikombe acha kwa visu vya sukuma wiki.

Fundi viatu naye ana nusu ya ukweli. Ukanda wa ngozi unahitajika kila siku kabla ya kunyoa, mara 40 au 60 hivi, lakini kazi yake ni kunyoosha na kusafisha makali yaliyopo. Makali yasiyokuwepo hautayaleta. Na hapa mwendo unageuka: mgongo unatangulia, makali yanafuata. Ukisahau, unakata ukanda, na makali yanakunjika hapo hapo. Wangu nilikatiwa Kariokor na wauza mikanda, ngozi nyororo ya upana wa inchi 3, nikaomba wasiipake rangi. Ukiupaka ile dawa ya kijani ya kromiamu oksidi, hapo utakwangua chuma kidogo sana na kurudisha makali yaliyochoka, lakini tumia ukanda wa pili kwa hilo.

Kuhusu kutu, pepopunda haitokani na kutu. Inaletwa na bakteria ambaye mbegu zake hukaa udongoni na kwenye mavi ya wanyama, na kinga yake ni chanjo. Kutu ya juu juu hutoka kwa mafuta na msasa laini. Ninachokiogopa ni vishimo vyeusi vilivyofika ukingoni, kwani kila ukinoa unakutana na kingine, na ufa hata wa milimita moja. Wembe wenye ufa siununui, uwe umechongwa jina gani.

Linalotakiwa kuogopwa kuliko kutu ni kuazimana. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi. Kupangusa kwa spiriti si sawa na kutakasa kwa mvuke wa nyuzi 121, na klorini itaula wembe wako. Ndiyo sababu naona vinyozi wanafanya vema kutumia nusu wembe mpya kwa kila mteja. Wembe wako wa kukunja uwe wako peke yako, hata kaka yako asiuguse.

Pia naambiwa anayejifunza aanze na wembe butu ili asijikate. Kinyume chake ndicho kweli. Wembe butu unasukumwa, na mkono unaosukuma ndio unaoteleza. Mkali unapita kwa uzito wake.

La mwisho linatugusa sisi wenye ndevu za kujikunja. Wengi hutafuta wembe mkali wakitumaini utamaliza vipele vya shingoni. Vipele hivyo hutokea unywele uliokatwa chini sana unapojipinda na kuingia tena kwenye ngozi, kwa hiyo makali mazuri yakitumiwa vibaya yanavizidisha. Mimi hulowesha ndevu kwa maji moto dakika chache, sivuti ngozi, na napita mara moja tu, ndevu zinakoelekea. Kivuli kidogo kinabaki kidevuni, nami nakiacha.