Vigezo katika kuchora uso wa jengo: maana yake

"Injinia, tukishusha dari kidogo si tutapata ghorofa moja zaidi?"

Mwenye jengo aliniuliza hivyo siku ambayo michoro ya uso wa jengo lake ilikuwa imeshakamilika. Lilikuwa jengo la ghorofa 10, kila moja mita 3.6 toka sakafu hadi sakafu. Upande wa barabarani ulikuwa na upana wa mita 24, umegawanywa kwa paneli za vioo za mita 1.2. Piga hesabu: paneli 20 kwa ghorofa, 200 kwa upande huo mmoja. Alichotaka ni mita 3.3 badala ya 3.6, jengo lirefuke kwa sentimita 30 tu na yeye apate ghorofa ya 11. Ombi lilikuwa la maana kabisa. Shida ilikuwa kwangu, kwa sababu paneli zile nilikuwa nimezichora moja moja, nyingine kwa kunakili na kubandika, na sasa kila fremu na kila kibao cha kukinga jua kilikuwa na kimo kisicho sahihi. Nilirudia kazi ya wiki mbili.

Ningekuwa nimechora kwa vigezo, ningebadilisha namba mbili tu.

Kwa seremala, kigezo ni kile kipande anachokilaza juu ya ubao ili vipande vyote vifuate umbo lake. Kwenye programu za usanifu maana imesogea kidogo: kigezo ni thamani, mara nyingi namba, ambayo vitu vingine kwenye modeli, yaani jengo lililochorwa ndani ya kompyuta, vinaifuata. Kimo cha ghorofa ni kigezo. Upana wa paneli ni kigezo. Fremu haiambiwi "uwe na mita 3.3", inaambiwa ianzie sakafu hii na kuishia sakafu ile. Sakafu ikihama, fremu inahama nayo. Mchoraji anaandika uhusiano kati ya vitu, na programu ndiyo inayochora vitu vyenyewe.

Wazo hili si la jana. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, akiwa mwanafunzi wa udaktari chuo cha MIT huko Marekani, alitengeneza programu ya Sketchpad ambamo mistari miwili ingeweza kuamriwa ibaki sambamba hata ukiivuta. Revit, programu ya kuchora majengo, ilitoka mwaka 2000, na ndani yake ukuta wa vioo umejengwa kwa tabaka tatu: gridi inayogawanya ukuta, fremu zinazofuata gridi, na paneli zinazojaza nafasi. Grasshopper ya David Rutten ilifuata mwaka 2007 ndani ya Rhino, programu ya kuchora maumbo. Humo unaunganisha visanduku kwa nyaya kwenye skrini, namba inaingia upande mmoja na umbo linatoka upande wa pili, bila kuandika msimbo.

Nguvu ya vigezo inaonekana pale namba moja inapozaliwa na nyingine. Chukua vibao vya kukinga jua, kitu ambacho kila jengo la kwetu linakihitaji na wengi wanakiweka kwa kukisia. Dar es Salaam iko karibu digrii 6.8 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri linakuwa upande wa kaskazini, digrii 60 hivi toka upeo wa macho. Dirisha la kimo cha mita 2.1 linaloelekea kaskazini, likitakiwa kuwa kivulini lote saa hiyo, linahitaji kibao kinachotokeza nje mita 1.22. Dirisha hilohilo likielekea kusini, ambako jua la Desemba linapanda hadi digrii 73 na ushee, linatosheka na sentimita 63. Yaani jengo lenye vibao vinavyolingana pande zote mbili limekosea upande mmojawapo, ama limepoteza fedha au limeacha watu waungue.

Sasa weka latitudo kuwa kigezo, na kina cha kibao kiwe matokeo ya hesabu. Ukipeleka modeli hiyo Nairobi, digrii 1.3 kusini, unabadilisha namba moja na vibao vyenyewe vinajisogeza: sentimita 97 kaskazini, 85 kusini. Mita 1.22 ni kibao kizito kukining'iniza? Igawe kazi hiyo kwa vibao vitatu vilivyopangana wima, kila kimoja kina sentimita 41 hivi, na kivuli ni kilekile. Idadi ya vibao nayo ni kigezo. Nikifika hapa huwa nakaa na mteja mbele ya skrini, navuta kitelezi toka 1 hadi 5 na yeye anaona uso wa jengo lake ukibadilika. Mashariki na magharibi ni habari nyingine, kwa kuwa asubuhi na jioni jua liko chini na kibao cha kulala hakilizuii. Huko vinasimamishwa vibao vya wima.

Hadi hapa ukuta ni bapa. Ukipinda, kazi inageuka.

Karatasi unaweza kuikunja ikawa bomba au koni. Jaribu kuifunika kwenye mpira, itajikunjakunja au itachanika. Kioo na bati ni kama karatasi: vinatoka kiwandani vikiwa bapa, na kuvipinda pande mbili kwa wakati mmoja ni ghali sana. Kwa hiyo swali kubwa la uso wa jengo uliopinda ni namna ya kuufunika kwa vipande bapa. Pembetatu haina shida kamwe. Sufuria hutulia juu ya mafiga matatu hata kama hayalingani kimo, lakini ongeza figa la nne na sufuria itaanza kucheza. Paneli ya pembe nne juu ya uso uliopinda hufanya vivyo hivyo, kona ya nne hukataa kulala sawa na zile tatu. Ndiyo maana kwenye Revit paneli za namna hii haziundwi kwa upana na kimo. Zinaundwa kwa nukta, kona moja moja, na kila nukta inashika gridi ilipo. Kisha programu inapima kona ya nne imeinuka kiasi gani. Ikiwa ni milimita chache, fremu inaweza kuvumilia. Ikizidi, unakata paneli kuwa pembetatu mbili au unarekebisha umbo lenyewe.

Mfano ninaoupenda uko London, jengo la 30 St Mary Axe la ofisi ya Foster + Partners, lililokamilika mwaka 2003, mita 180 kwenda juu. Ukilitazama kwa mbali unadhani limevalishwa vioo vilivyopinda. Kioo kilichopinda ni kimoja tu, kile cha kileleni. Vingine vyote ni bapa. Jengo ni la mviringo, linapanuka katikati na kusinyaa juu, na kila ghorofa imezungushwa digrii 5 toka ile iliyo chini yake, ndipo ile mistari ya mzunguko inayopanda ukutani ikapatikana. Kwa kuwa umbo zima limezungushwa kwenye mhimili mmoja, vipande vya mzunguko mmoja vinarudia vipimo vilevile, na tofauti inakuja unapopanda mzunguko mwingine. Ni kama ukili: utepe wenyewe ni bapa, lakini ukishonwa mzunguko juu ya mzunguko unatoa kawa.

Abu Dhabi wameenda hatua nyingine. Minara ya Al Bahar ya mwaka 2012 imevaa mashrabiya, lile wazo la Waarabu la kimia cha mbao dirishani ambalo watu wa Mji Mkongwe wa Zanzibar wanalijua ndugu yake kwenye roshani zao. Hapo kila mnara una zaidi ya vipande 1,000 vinavyofunguka na kujikunja kama miavuli kufuatana na jua. Kigezo hakikuishia kwenye mchoro. Mahali jua lilipo ndiko kunakoamua kipande kifunguke kiasi gani, na hesabu hiyo inaendelea kila siku jengo likiwa na watu ndani.

Kosa ninaloliona kwa wanaoanza ni kufanya kila kitu kuwa kigezo, hadi skrubu. Modeli ya namba 60 hakuna anayeielewa, hata aliyeitengeneza akiirudia baada ya mwezi, na kompyuta inakwama kila ukigusa kitu. Namba sita hadi nane zilizochaguliwa vizuri zinatosha uso wa jengo la kawaida. Kuzichagua ndiko usanifu ulipo: unaamua nini kinaweza kubadilika na nini hakitabadilika hata mwenye jengo akija na maneno gani.

Halafu kuna fundi aluminiamu, ambaye haoni modeli. Anachopokea ni jedwali linalotoka kwenye modeli hiyo, kila paneli na namba yake: K-07-14, yaani kaskazini, ghorofa ya 7, paneli ya 14, upana huu, kimo hiki. Anaiandika kwa kalamu nene kwenye kona ya kioo. Ila zege haimwagwi kwa usahihi wa kompyuta, na sakafu inayosomeka mita 3.3 kwenye modeli inaweza kutoka 3.28 mwanzo wa ukuta na 3.31 mwishoni. Kwa hiyo fundi anapanda na futi kamba, anapima kila ghorofa, anaandika kwa penseli nyuma ya karatasi ya jedwali na kunipigia picha kwa simu. Namba hizo za penseli ninaziingiza kwenye modeli mahali pa zile zangu, jedwali linatoka upya, na ndipo kioo cha kwanza kinakatwa.